Nyumba isiyo na mabati

Baba alipokufa, wakati wa vita, familia ilimuchagua baba mukubwa achunge nyumba yetu ya Kimemi mpaka tutakapoigawanya. Matanga yalipokwisha tu, alipanda juu, akabandua mabati yote, akayapeleka shambani kwake Mabalako. Mvua ikaingia vyumbani. Tulimuita mwizi mbele ya familia yote, mimi wa kwanza. Alijibu tu: "Mungoje, batoto."

Mwezi uliofuata basoda balifika na bunduki zao. Baliingia katika kila nyumba yenye mabati, bakafukuza benye nyumba. Ya kwetu baliitazama, bakapita. Katika barabara ile tulibaki sisi peke yetu na nyumba ya kugombania.

Basoda balipoondoka, siku aliporudisha mabati, tuliyahesabu moja moja, bila hata kumusalimia.