Santuri ya Mzee Ngandu na Ile Iliyosafishwa

Mzee Ngandu alidharau vitu vingi, na katika maisha yake marefu pale Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, hakuwahi kukosa vipya vya kuongeza. Alidharau harusi zenye picha nyingi kuliko chakula. Alidharau wahandisi waliokuja kutazama reli, wakapiga picha ya nyasi iliyoota katikati yake, wakapanda ndege kurudi. Lakini dharau yake bora, ile ambayo wengine wangeitunza kama suti ya Noeli, aliiweka kwa ajili ya santuri zilizosafishwa.

Zilimfikia kupitia Florentin, mwongozaji wa kwaya ya parokia, kijana aliyesoma muziki Kisangani na kurudi na bafle, spika inayowaka taa za rangi. Alasiri moja aliingia nayo saluni, chumba cha wageni cha Mzee, akaiweka mezani, akamsalimu Mzee pamoja na mke wake, Mama Fidélie, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kiti kirefu kwa sababu moyo wake ulishakataa kazi ngumu.

"Papa, nimekuletea habari nzuri. Ule wimbo wetu wa maziko, wazungu wamechukua santuri yake ya zamani, ileile kama ya kwako, wameisafisha na kompyuta. Mikwaruzo yote imetoka. Sasa mutu anaisikiliza kwake nyumbani kama vile iko kule ndani pamoja na waimbaji."

"Kule ndani mimi ningefanya nini?" akauliza Ngandu.

Florentin akacheka kwa adabu, akabonyeza.

Santuri yenyewe Ngandu aliirithi. Baba yake, Mkasai aliyeletwa Kindu na kazi ya reli, aliachiwa gramofoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sanduku la santuri, na mkuu wa karakana, Mbelgiji aliyeondoka kwa haraka iliyomnyima nafasi ya kufunga mizigo. Santuri nyingi za sandukuni zilikuwa zimevunjika. Iliyopona ni moja: kwaya ya Ulaya ikiwaombea wafu kwa Kilatini, na katikati mwimbaji mmoja akiimba peke yake. Ngandu, ambaye naye alikuwa fundi wa injini za gari la moshi, aliisahau juu ya kabati mpaka vita.

Vita vilipofika, wenye bunduki walikuwa mjini, wenye bunduki wengine walikuwa msituni, na watu wa Kindu walikuwa katikati wakitafuta chumvi. Gari la moshi halikuja tena. Umeme haukuwepo, na betri za redio zikawa mali ya makamanda. Ndipo Ngandu alipokumbuka mashine isiyoomba kitu ila mkono wa mtu. Springi yake ilikuwa imekatika. Akatengeneza nyingine kwa ukanda wa chuma uliofungia masanduku ya vipuri karakanani. Ikazunguka, lakini polepole, kama mgonjwa anayetoka hospitali bila msaada, na sauti za Ulaya zikashuka pamoja nayo: wanawake wakaimba kama wanaume, na wanaume wakawa ngurumo ya mvua iliyo mbali. Hapakuwa na mtu Kindu wa kusema kwamba sivyo.

Kwaya ya parokia ikajifunza wimbo hivyohivyo, saluni kwa Ngandu, mzito na wa chini. Sehemu ya mwimbaji wa peke yake walimpa kwanza mwanaume, akashindwa. Ikachukuliwa na Fidélie, ambaye sauti yake nene ilimsumbua tangu usichana. Wageni waliobisha hodi, wakimsikia akiitika, walimwita "papa", baba, kabla hajafungua mlango. Sasa sauti ile ikapata kazi.

Na kazi haikukosekana. Kwenye maziko ya miaka ile kila kitu kilikimbizwa. Wachimbaji walikimbia, padri aliruka kurasa, na askari wa kizuizi cha barabarani alisema "haraka, haraka" kama mtu anayesubiriwa na mawaziri. Wimbo peke yake ndio uliotembea. Ulianza mlangoni mwa kanisa ukamfikisha maiti shimoni, na bunduki za pande zote hazikuufanya uongeze mwendo.

Kwa hiyo bafle ilipoanza kuimba, Ngandu alidhani imeharibika. Sauti zilitoka juu, safi, zikifukuzana. Na yule mwimbaji wa katikati, ambaye mji ulimheshimu miaka yote kama mwanaume wa makamo mwenye majonzi yake, akawa binti mwenye sauti ya filimbi.

"Huyu ni nani?"

"Njo yeye, Papa, yuleyule. Alikuwa mwanamuke tangu mwanzo. Mashine yenu njo ilikuwa inachoka. Ona hapa wameandika: kasi sahihi, sauti kama ya siku ile."

Ngandu akakipokea kijitabu alichonyooshewa. Kilikuwa na picha ya watu waliokodolea skrini macho ya huruma, kama madaktari wenye mgonjwa tajiri.

"Kwa hiyo wamemuogesha maiti wa watu," akasema, "wakamupaka mafuta, kisha wakamuvalisha viatu vya mupira akimbie."

Mama Fidélie alicheka mpaka akakohoa.

"Wanakimbia nani, hawa? Florentin, mwanangu, sikia. Siku yangu musiniimbie ile. Muniimbie yetu. Mimi nimesindikiza watu wa mji huu mwendo wa miguu, na mimi munisindikize."

"Mama, usiseme hivyo. Uko muzima."

"Niko muzima, njo maana ninasema. Ngandu, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Ngandu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akakubali jambo bila kulijadili.

Mama Fidélie alifariki mvua zilipoanza. Florentin alikuja kwenye matanga na shati jeupe na maelezo. Kwaya ya sasa, alisema, ilishajifunza wimbo kwa kasi yake sahihi; vijana hawaijui nyingine; sehemu ya Mama imepata binti mzuri sana; na kutakuwa na simu zikirekodi, picha zitafika Kinshasa na Ulaya.

"Papa, kwaya yetu iko na kiwango sasa. Ile ya zamani ilikuwa makosa ya mashine."

"Najua ni makosa. Springi niliitengeneza mimi."

"Basi, Papa?"

"Basi, uyaimbe."

Florentin akainamisha kichwa kwa heshima, jinsi wasomi wanavyofanya wakishaamua kutokutii. Masudi, jirani muuza vitambaa, aliyekuwa ameketi pembeni na kofia yake ya kiislamu, alimngoja atoke ndipo akasema:

"Kaka Ngandu, sisi kwetu tunazika bila muziki, na hakuna mutu amerudi kulalamika."

"Kwenu hamukuoa Fidélie."

"Hiyo ni kweli," Masudi akakubali. "Tuliogopa sauti."

Siku ya maziko kanisa lilijaa. Jeneza lilipobebwa mlangoni, Florentin aliinua mikono, simu zikainuka naye, na kwaya ikaanza: juu, safi, mbio, sahihi kabisa. Binti aliyepewa sehemu ya Mama alikuwa tayari na kifua chake.

Lakini Kindu, katika watu wa reli, mjane au mgane hutembea mbele ya jeneza, na hakuna anayempita, hata padri. Ngandu alishika nafasi yake. Alinyanyua mguu mmoja, akauweka chini, akangoja kama fundi anayesikiliza injini, kisha akanyanyua wa pili. Hakutazama nyuma. Wabebaji wakaufuata mguu wake kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Kwaya, iliyokuwa nyuma yao, ilianza kugongana na visigino vyao.

Wimbo ulikwisha jeneza likiwa bado halijatoka uani mwa kanisa. Ukawa ukimya wa aibu, wenye simu ndani yake. Florentin akauanza upya, kwa kasi ileile, naye binti akaanza upya. Ukaisha kwenye mti wa maembe wa barabarani. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama ni maziko au ni mazoezi.

Mara ya tatu Florentin hakuinua mikono. Alichoka, au aliona haya; Ngandu hakujali ni kipi. Walioanza ni wamama wa safu ya nyuma, wale walioimba saluni wakati wa vita, ambao tangu bafle ije walikuwa wamefundishwa kutabasamu na kunyamaza. Wakaanza chini kabisa, mguu kwa mguu na Ngandu. Vijana wakawatafuta huko chini, wakakosea, wakapata. Sehemu ya katikati ilipofika, binti alifungua kinywa, akaona sauti yake haifiki kule, akakifunga. Hakuna aliyeijaza. Waliiacha wazi kwa urefu wake wote, wakitembea.

Walifika makaburini wimbo ukiwa haujaisha. Wachimbaji wakasimama na kamba mikononi. Padri akatazama saa yake, kisha akautazama mgongo wa Ngandu, akaificha saa kwenye mkono wa kanzu. Mvua ikaanza, ndogo. Hakuna aliyekimbia.

Neno la mwisho la Kilatini lilipozama, Ngandu akageuka kwa mara ya kwanza.

"Sasa mumushushe," akasema. "Polepole."