Sita za Mchuzi, Sita za Maji

Niliharibu utafiti wa mpwa wangu kwa huruma, na kwa kijiko cha chai. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani kuna mwizi au mchawi anakuja huko mbele. Ni mimi tu na kijiko.

Binti huyu wa dada yangu anasoma chuo, akaletwa Ifakara kwa mafunzo kwa vitendo. Maabara aliyopangiwa ilikuwa imejaa, akaomba stoo yangu hapa Viwanja Sitini kwa kuwa ina giza, ina ubaridi, na ina mlinzi asiyetoka nyumbani. Hilo la mwisho alilisema akicheka, lakini ni kweli. Mara ya mwisho kufika Kivukoni, ambako si mbali, nilirudi nimechoka kama mtu aliyetoka Dodoma kwa miguu.

Akaleta chupa kumi na mbili za mdomo mpana, zimezibwa kwa pamba. Ndani ya kila chupa kulikuwa na wali uliopikwa kwa mvuke, na juu ya wali ameotesha ukungu mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga.

"Mjomba, huu ukungu una uwezo wa kutengeneza dawa," akanieleza. "Ila ukiwa peke yake ni mvivu. Unakula, unalala."

"Mtu wa namna hiyo namfahamu," nikasema.

"Sasa ukiuletea bakteria, wale bakteria wanatoa kemikali. Kwa ukungu ile ni taarifa kwamba kuna mtu kahamia jirani. Basi unashtuka, unaanza kutengeneza dawa kwa wingi. Utaona unageuka mwekundu kama tofali."

Chupa sita akazitilia kijiko kimoja kimoja cha supu ya bakteria, rangi yake kama mchuzi wa maharage. Sita nyingine akazitilia maji yaliyochemshwa. Supu iliyobaki akaiacha kwenye friji yangu. Aliniagiza niandike joto la stoo asubuhi na jioni, nisiguse kingine chochote, kisha akapanda basi la Mahenge kwenda kwenye komunio ya kwanza ya mdogo wake. Angekaa siku tano.

Siku ya kwanza niliandika joto vizuri kabisa. Kosa langu lilikuwa kuzitazama zile chupa. Mimi nimezaliwa kwenye bonde la mpunga. Kwetu wali ukipakuliwa, mchuzi unamfikia kila mtu, hata yule mliyegombana naye asubuhi. Ukikaribia kuisha unaongezwa maji, lakini unafika. Na hapa mbele yangu sita wanakula wali kwa mchuzi, sita wanakula wali kwa maji. Tena nyumbani kwangu!

Nilivumilia hadi kesho yake baada ya chai. Nikanawa mikono, nikatoa supu kwenye friji, nikawapakulia wale wanyonge, kijiko kimoja kimoja. Kwa wa tano supu ikaisha. Nikaisuuza chupa ya supu kwa maji kidogo, wa sita naye akapata. Niliondoka stoo nikiwa nimeridhika kama padri baada ya misa.

Mpwa wangu aliporudi, kumi na mbili zote zilikuwa nyekundu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Njoo uwaone wanao, wameshiba!"

Akasimama mlangoni. "Mbona zote?"

"Wale wengine ulikuwa umewanyima mchuzi. Nimewapa."

Akakaa juu ya gunia la mpunga taratibu, kama mgonjwa. "Mjomba, zile za maji zilikuwa za kulinganishia. Sasa mwalimu nitamwonyesha nini kwamba bakteria ndio walioleta dawa?"

"Lakini si zimefaulu zote?"

"Zimefaulu kwa sababu umezipa majibu! Umevujisha mtihani, mjomba. Na nisipomaliza mwezi huu, mahafali ya wenzangu nitayaangalia kwenye simu." Akaanza kulia.

Kilio kikamleta jirani yetu, mama mmoja wa Kipogoro anayekaanga vitumbua kando ya ukuta wetu. Akaelezwa kisa chote, na kijiko kikatajwa mara tatu bila sababu ya msingi. Mpwa wangu akahesabu siku kwa vidole: mbegu ya ukungu na bakteria vilikuwepo bado maabarani, na akianza upya leo hii angewahi, ikibaki siku moja tu.

"Ila nitaziweka wapi?"

Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyeniangalia. Nikaahidi kufunga stoo na kumpa yeye ufunguo, nikaapa nisingesogea hata dirishani. Jirani akanipima kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, halafu akamgeukia mpwa wangu.

"Mwanangu, chupa zako leta kwangu. Mjomba wako hana ubaya, ila huyu hata maiti atamuuliza kama amekula."