Karatasi ya Baba Mkwe

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Singida mjini, na nililomfanyia baba mkwe wangu hata mke wangu hajui mpaka leo. Mnihukumu, lakini nisikilizeni kwanza.

Mzee alikuja asubuhi kutoka Issuna, laptop kaifunga kwenye kanga ya marehemu mama mkwe. Nikampa shikamoo, nikampisha kiti, mimi nikabaki nimesimama. Kwetu mkwe ni mkwe! Humkazii macho, wala humhojihoji mambo yake.

"Mwanangu, hii haiwaki," akasema. "Inaleta maandishi mekundu tu. Na sauti za mama yenu zimo humo. Simu niliyomrekodia si iliibiwa mnadani? Zimebaki hizo tu."

Nilizijua. Mama anaimba Kinyaturu huku anapepeta uwele, katikati ya wimbo anacheka. Mke wangu alikuwa anazililia tangu msiba.

Nikawasha. Kweli, Secure Boot, ule ulinzi unaokagua kompyuta inapowaka, ulikuwa umeikataa Windows. Kazi ndogo! Ningeingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, nikarudisha funguo za kiwandani, basi. Lakini mzee ananitazama, nami nataka anione fundi kweli. Nikazima ulinzi wote, nikafuta kila kilichoandikwa usalama, mpaka chipu inayotunza ufunguo wa diski. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Kiherehere changu hicho!

Ikawaka na skrini ya bluu: weka namba ya kufungulia diski, tarakimu arobaini na nane. Ufunguo wenyewe nilikuwa nimeufuta mimi.

Hapo ndipo ningesema, "Baba, una karatasi yoyote yenye namba ndefu?" Swali moja tu, jamani! Lakini nimwambieje mkwe kwamba vitu vyake nimevifungia mwenyewe? Tena nikasema moyoni, mzee wa Issuna atazijulia wapi namba za kompyuta. Nilimdharau, ndiyo.

"Baba, nenda kapate chai, kazi inaenda vizuri."

Alipotoka nikajaribu hiki, nikajaribu kile. Wapi! Nikaona akirudi akaikuta ile bluu, nimeumbuka. Nikachomeka flashi, nikafuta diski yote, nikapiga Windows mpya.

Mzee akarudi. "Baba, diski ilikuwa imekufa. Nimeokoa mashine, sauti zimepotea." Nilidanganya huku nikitazama sakafu, naye akadhani ni heshima.

Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa. "Hata hii haisaidii? Aliyeniuzia alisema ikiniuliza namba, niandike hizi. Nilinakili kwa mkono wangu, nikahakiki mara mbili."

Nikahesabu. Mafungu manane, tarakimu sita sita. Mungu wangu! Arobaini na nane!

"Haisaidii tena, baba."

"Basi ubarikiwe kwa kuhangaika, mwanangu." Alinishukuru! Akaikunja ile kanga taratibu, karatasi akaniachia mezani.

Mke wangu alilia, kisha akanifariji mimi. Eti anajua nilijitahidi. Nikanyamaza, mnafiki mkubwa!

Mafundi wenzangu, kuuliza si ujinga. Muulize mteja, hata awe mkwe, kabla hujafuta chochote. Na ukiharibu, sema umeharibu palepale, kabla uongo haujamaliza kilichobaki. Mimi ningefedheheka siku moja, yakaisha.

Juzi mke wangu alikuwa anambembeleza mtoto wetu kwa ule wimbo. Akafika katikati, akakwama. Akarudia mwanzo, akakwama palepale. "Mume wangu, hapa mama alikuwa anasemaje?" akaniuliza.

Nikatoka nje. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.