Nairobi Walinijua Kabla Sijafika

Admin, naomba unifiche jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Ekerenyo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia kwa simu maana macho yangu yamechoka. Juzi alinisomea hapa swali la kijana anayempeleka mkewe Nairobi kwa mara ya kwanza: walale wapi, wale wapi, watembee wapi. Mlimjibu vizuri, na kwa vicheko. Mimi chakula kilinishinda.

Nilikuwa na kaka. Nitamwita Nyakundi, ingawa si jina lake. Alinizidi mwaka mmoja tu, na tulifanana hadi shangazi zetu walituchanganya. Katikati ya miaka ya sitini alimpenda msichana wa Nyaramba. Msichana alikuwa Mkatoliki. Sisi tulikuwa Wasabato wa kweli kweli, na baba alikuwa mzee wa kanisa. Baba alimwambia mbele yetu sote, "Huyo akiingia kwa mlango huu, mimi natokea kwa ule mwingine." Nyakundi aliondoka asubuhi hiyo. Hata baba alipofariki na tukatangaza redioni, hakutokea. Mama aliendelea kumwekea chakula chake.

Miaka ikapita, nikaoa. Katikati ya miaka ya sabini, shule zilipofungwa, nikamwambia mke wangu twende tukaone Nairobi, kwani kati yetu hakuna aliyewahi kufika. Tulipanda basi Keroka, tukaingia mjini Alhamisi jioni. Mwalimu mwenzangu alikuwa ametuelekeza kwenye nyumba ya wageni karibu na River Road, safi, ya watu wa heshima. Mzee wa kaunta aliinua macho akacheka. "Leo umekuja kulala? Mmekosana tena na mama watoto?" Kisha akamwona mke wangu. Akanisukumia ufunguo huku akiangalia chini.

Nilidhani amelewa. Kesho yake tukaingia hoteli ndogo nyuma ya soko, ya mama mmoja wa kwetu. Kabla sijaagiza aliniwekea ugali na chinsaga, ile mboga chungu ya Kisii. "Bila maziwa, si ndivyo unavyopenda?" Mke wangu alikuwa ananawa mikono. Akaacha.

"Uliniambia hujawahi kufika Nairobi."

"Sijawahi. Mungu ni shahidi."

Akakausha mikono, akatangulia kutoka. Tulitembea hivyo hivyo, kila mtu na lake. Tuliona jengo refu la mviringo ambalo kila mtu alilisifu, tukaona nyoka wa makumbusho wamelala kwenye vioo, na sikufurahia chochote. Kila aliyenitazama nilihisi ataniamkia. Uhuru Park, yule wa kukodisha mashua akanipungia mkono: "Leo binti umemwacha wapi?" Mke wangu alikaa kwenye nyasi akajifunika uso kwa leso, akalia kama amefiwa.

Hapo ndipo jina la kaka liliponijia mdomoni. Nikamweleza. Habari za Nyakundi alizijua, lakini hakuwahi kumwona, na hakuniamini. "Mtu aliyepotea atakuwaje na mahali pake pa kula?" Nikamshika mkono tukarudi kwa yule mama wa hoteli. "Uliniona lini mara ya mwisho?" nikamuuliza. Akacheka. "Jumapili. Wewe si huja kila Jumapili mchana?"

Jumamosi tulienda kanisani. Huko peke yake ndiko hakuna aliyenijua.

Jumapili tulikaa pale hotelini tukiangalia mlango. Akaja. Alikuwa amemshika mkono msichana mdogo. Nilisimama nikaita jina lake. Alinitazama, akamtazama mke wangu, kisha akaninyooshea kiganja, kama mtu anayezuia ng'ombe asivuke barabara. Akageuka. Nilipofika nje, watu wa soko walikuwa wamemmeza. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameng'ang'ania meza. "Ni wewe," akasema. "Nimekuona ukitoka."

Nyumbani nilimwambia mama. Aliniuliza jambo moja tu: "Alikuwa amevaa viatu?" Nikasema ndiyo, vyeusi, vimepigwa rangi. Mama akafurahi sana, akapiga makofi. Baadaye furaha ikamtoka usoni pole pole, nikiangalia. "Basi njia anaijua," akasema, "ila hataki." Tangu siku hiyo hakumwekea chakula tena. Alipokuwa anaaga dunia, mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, aliniita peke yangu. "Akija mwenyewe, mpe kila kilicho chake. Akiletwa na watu ndani ya sanduku, usimpokee."

Nilirudi Nairobi mara nyingi. Ile hoteli niliikuta imefungwa, na kaka sikumwona tena.

Sasa sikieni. Wiki iliyopita amekuja mama mmoja wa makamo, amesimama kwenye ua wangu na pua ya mama yangu. Ni yule msichana mdogo aliyeshikwa mkono siku ile hotelini. Nyakundi amefariki, mwili uko mochari Nairobi. Aliomba azikwe kwetu, kando ya wazazi wake. Mimi ndiye nimebaki mkubwa wa boma, na wote wanasubiri neno langu. Mke wangu ananiambia, "Mtoto hafungiwi mlango." Wazee wa ukoo, niliowaeleza agizo la mama, wanasema neno la marehemu mama halivunjwi.

Nilimuuliza yule binti baba yake alikufaje. Hajui Ekegusii, alilelewa kwa Kiswahili. Alisema, "Alimsamehe babu, nina hakika. Siku zake za mwisho alimwita yeye tu. Baba, baba, mpaka pumzi ikaisha."

Nilimsindikiza hadi langoni, sikumsahihisha. Kwa lugha yetu baba mzazi huitwa tata. Baba ni mama.

Binti anarudi Jumatano kuchukua jibu. Ninyi ambao hamkumjua yeyote kati yao, nisaidieni: nimtii mama aliyesema asiletwe, ama nimlaze kando yake mtoto aliyekufa akimwita?