Ungo Juu ya Kichwa cha Beni

Nilipokuwa mtoto, mpunga ukianza kujaa maziwa, tulifunga nyumba yetu ya Mkula tukahamia bondeni kuamia ndege. Tuliishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka juu yake tuliona mpunga mpaka macho yakachoka. Kweleakwelea walikuja asubuhi na jioni, wengi kama moshi, na kila shamba lilikuwa na madebe yake. Debe likilia kwetu, la jirani lilipokea, la mbele yake likajibu, na ndege wakafukuzwa hivyo, kutoka kwenye njaa ya huyu kwenda kwenye njaa ya yule.

Mdogo wangu Beni aliyaogopa madebe. Akimwona mtu anainama tu kuokota kijiti cha kupigia, aliziba masikio akajikunja. Na hakuwa akiongea. Alipoanza kusimama alikuwa na maneno machache, "mama", "maji", "basi", kisha yakaondoka moja moja, kama taa za kijiji zinavyozimwa, hadi pakawa giza. Ukimwita jina hakugeuka. Lakini punje ya mchele ikidondoka sakafuni, aligeuka.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na maelezo. Mtoto anayelazwa chini shambani wakati mpunga una maziwa, alisema, ndege humchukua sauti. Hula punje, na sauti ya mtoto huila pamoja nazo. Ndiyo maana wana kelele kiasi kile: ni sauti za watoto wa watu. Alimwonya mama mapema, msimu ule Beni akiwa anajifunza kutembea. Lakini baba alikuwa kwenye vibarua vya kukata miwa, mama alikuwa peke yake na shamba zima, mikono yote miwili ina kazi. Alimlaza Beni juu ya kanga chini ya dungu. Msimu uliofuata maneno yalikuwa yamekwisha.

"Sikukwambia, mkwe wangu?" bibi alisema.

"Uliniambia, mama."

Onyo lilikuwa limetimia, na mama alilibeba kama mzigo wake halali. Sasa najua kwamba watoto wengi kama Beni hupoteza maneno katika umri uleule, waliolazwa chini na waliolazwa vitandani. Wakati ule hatukuwa na neno usonji. Tulikuwa na ndege. Kisimani wanawake walimwita mama "Mama Kwelea", kwanza nyuma ya mgongo wake, baadaye usoni, wakicheka ili uonekane ni utani.

Lakini mama alikuwa amegundua kitu. Siku moja alikuwa akipepeta mchele, Beni akasogea, akatia mikono ndani ya ungo, akaziacha punje zipite katikati ya vidole. Shaa, shaa. Mwili wake uliokuwa umekaza ukalegea. Kuanzia hapo mama akafanya makusudi. Kila jioni, kabla ndege hawajashuka, alimketisha, akamwambia taratibu, "Beni, madebe yanakuja," akamwekea ungo wa mchele mapajani. Madebe yalilia, naye akaendelea kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga. Mama akitaka kupika alisema, "Basi," na Beni alitoa mikono mwenyewe. Mara mojamoja alimtazama. Si machoni, kwenye kidevu. Mama alitosheka na kidevu.

"Unamzoesha mchele huyo," bibi alisema, "atageuka ndege kabisa."

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda Beni. Alimwita "mume wangu", kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na samaki wakiiva alimchambulia miiba yote kwanza kabla yeye mwenyewe hajaonja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa katili, ningejua pa kuiweka hasira yangu.

Dawa yake ilijulikana. Mtoto hupelekwa katikati ya mpunga jioni, ndege wanaposhuka. Hufunikwa kichwa kwa ungo anaoutumia mama yake, na majirani humzunguka na madebe. Ndege wakiruka kwa hofu huiachia sauti, nayo huangukia kwenye ungo na kumshukia mwenyewe.

Mama alikataa. "Anaogopa madebe, mama. Ataumia."

"Anayeogopa si yeye. Ni ndege waliomo ndani yake. Wewe umeona kiumbe gani kinakimbia debe hapa bondeni, kama si ndege?"

Baba, ambaye alikuwa amerudi, alitazama miguu yake. "Tujaribu tu, Mama Rehema," akasema, akimwita mama kwa jina langu. "Watu wasije wakasema tulikuwa na dawa tukaiacha."

Majirani walikuja wachangamfu kama waliokuja kucheza ngoma. Mama Kulwa, Msukuma ambaye ng'ombe wao walichungwa upande wa pili wa shamba letu, alikuja na debe kubwa kuliko yote. "Leo Beni ataongea Kisukuma," akasema, "mtaona! Debe langu ndilo atakalolijibu kwanza." Watu wakacheka. Bibi akamshika Beni mkono. "Twende, mume wangu. Leo utaniita jina langu."

Beni hakugoma. Mama, aliyekuwa amekubali shingo upande, ndiye aliyetangulia na ungo, naye aliufuata ungo. Walipofika katikati ya mpunga aliketi bila kuambiwa, akanyoosha mikono, akisubiri mchele.

Bibi akauchukua ungo, akampindulia kichwani.

Mimi nilikuwa juu ya dungu, nimeambiwa nisishuke. Niliona duara la watu, ungo ukitetemeka katikati yake, na ndege wakiinuka kutoka kila upande hadi jua likafifia. Madebe siwezi kuyaeleza. Niliyahisi kwenye mbao nilizokalia. Kisha ikatoka sauti chini ya ungo, kubwa, safi, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msimu ule:

"Basi! Basi! Basi!"

Bonde zima likalipuka. Vigelegele. "Imerudi! Jamani, imerudi!" Bibi alipiga magoti kwenye mpunga akalia kwa furaha. Na kwa kuwa dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, wakazidisha kupiga.

Mama ndiye aliyelipasua lile duara. Alimnyanyua Beni akakimbia naye, ungo ukabaki chini, ukakanyagwa na watu waliokuwa wakiruka kwa furaha.

Beni hakusema neno jingine baada ya hapo, mpaka leo. Na ungo, wowote ule, akiuona alitoroka. Mama akawa anapepetea nyuma ya nyumba, kwa kujificha, kama mtu anayepika pombe haramu. Bibi alifariki akiamini kwamba sauti ilikuwa imerudi kweli, na kwamba mama aliipoteza mara ya pili kwa kumtoa mtoto kabla ya wakati.

Miezi michache iliyopita nilisikia kuna mafunzo Ifakara ya wazazi wenye watoto wenye usonji. Niliwapeleka mama na Beni. Beni ana ndevu sasa. Ilibidi ainame mlangoni. Chumba kilijaa akina mama vijana na watoto wao. Mwalimu alikuwa binti wa rika langu, mpole, anayejua kazi yake.

"Mwambieni mtoto kabla kelele haijaja," alisema. "Na tafuteni kitu kinachomtuliza. Si lazima kununua. Vitu vya nyumbani tu."

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi.

Kisha binti akaleta ungo wenye mchele. Watoto wakaanza kutia mikono. Shaa, shaa. Mmoja aliyekuwa akilia tangu asubuhi akanyamaza, na mama yake akafunika mdomo kwa kanga.

Beni akaziba masikio. Akateleza chini ya benchi, mwili wote ule mrefu, akaanza kujigonga ukutani. Mama alipiga magoti, akamvuta taratibu, wakatoka barazani. Binti akatufuata.

"Pole sana, mama. Msikate tamaa. Ila wengi mnachelewa. Hivi vitu vinataka kuanza mapema, mtoto akiwa bado mdogo."

"Tulianza mapema, mwanangu," mama akasema.

Binti alisubiri aendelee. Mama alikuwa akimfunga Beni vifungo vya shati vilivyofunguka, naye Beni akimtazama kidevuni.

Chuoni, nilikosomea utunzi wa hadithi, nilifundishwa kwamba kazi ya mtunzi ni kulipata neno lenyewe, lisilo na mbadala, na kulitamka mahali pake. Ninahangaika nalo usiku na mchana. Mdogo wangu alilipata akiwa mtoto, chini ya ungo, akalitamka mara tatu, na hakuna mtu bondeni ambaye hakulisikia. Wakampigia vigelegele.