Siku Breki za Jipu Zilipokataa Kuachilia

Nitawaambia hii, lakini mtu asiende kuwahadithia watoto wangu, kwa sababu wao wanajua tu kwamba baba yao alikuwa fundi mzuri wa magari pale Ruiru, na sijawahi kuwaeleza vile nilivyomwaibisha baba mkwe wangu juu ya reli, kabla hata hajakubali kuwa baba mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, inakaribia kuisha, lakini bado hungeweza kutoka Ruiru kwenda Thika bila karatasi ya kibali. Nilikuwa fundi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, na shamba lilikuwa na jipu kuukuu lililobaki kutoka vita, injini nzuri, breki bure kabisa, unakanyaga, unaomba, unakanyaga tena, halafu linasimama likipenda. Mzungu akasema nikiweza kulifanya lisimame vizuri ataniazima Jumamosi moja. Na mimi Jumamosi nilikuwa nayo tayari: wazazi wa Wanjiku, msichana niliyetaka kumwoa, walikuwa watoke Mugutha waje kwetu Thika kuongea na wazee wangu, na nilitaka kuwabeba mwenyewe (kiburi tu, kwa sababu basi lilikuwepo).

Nyuma ya karakana kulikuwa na lori lililokufa, lenye breki kubwa kuliko za jipu. Nikazing'oa, nikakata hapa, nikachonga pale, siku nne, mpaka zikaingia. Kazi yenyewe ilikuwa safi, hiyo sikubali mtu anipinge. Shida ni kwamba breki kubwa zinataka mafuta mengi, na mafuta ya breki yakaniishia Alhamisi kabla ya kujaa. Duka lilikuwa Thika, kibali changu kilikuwa cha Jumamosi peke yake, na pale kwenye rafu kulikuwa na oili mpya ya injini. Nikajiambia mafuta ni mafuta, nikamalizia nayo. Nikajaribu shambani, jipu likasimama papo hapo, nikacheka peke yangu.

Jumamosi asubuhi nikawachukua Mugutha, Mzee Gathogo mbele na koti lake la kanisani, Mama Wanjiku nyuma na kikapu. Hatujaenda mbali nikaanza kuhisi jipu ni zito, kama linavuta kitu, na pedali imekuwa ngumu. Jasho likanitoka mgongoni. Mzee akanusa.

"Kijana, kuna kitu kinaungua."

"Ni breki mpya, Mzee. Bado zinazoea."

Hapo ndipo ningepaswa kusimama kando. Lakini mbele niliona mahali reli inakata barabara ya murram, na nikataka waone kazi yangu, nikasema, "Sasa muone vile linasimama," nikakanyaga. Likasimama, sawa, lakini likateleza kidogo kwanza, na magurudumu ya mbele yakawa yamevuka reli ya kwanza. Nikaachilia pedali. Breki hazikuachilia. Nikaongeza moto, injini ikalia, ikazima. Nikashuka nikasukuma, jipu halikutikisika hata kidogo, magurudumu yote manne yameshikwa (ile oili ilikuwa imevimbisha mipira ya ndani ya breki, mafuta yakakataa kurudi, siku hizi najua).

Halafu tukasikia treni ikipiga honi upande wa Ruiru.

Nilisahau jina langu. Mzee Gathogo akashuka polepole, akasimama kando akiniangalia. Mama Wanjiku ndiye aliyekuwa na akili: akavuta blanketi jekundu kutoka kwenye kikapu, zawadi waliyokuwa wanampelekea mama yangu, akakimbia nayo juu ya reli akilipunga, mwanamke mzima na viatu vya Jumapili. Mimi nilikuwa chini ya jipu na spana, nikitafuta zile skurubu ndogo za kutoa hewa kwenye breki, ili nimwage mafuta yaliyozibana, na nilikuwa nasikia reli yenyewe ikitetemeka kando ya sikio langu.

Treni ilisimama. Sijui mbali kiasi gani, mimi niliona iko karibu kabisa. Abiria wakatoa vichwa madirishani, wengine wakashuka, na dereva wa treni akaja anatembea kwa hasira.

"Gari yako haina breki?"

"Iko nazo," nikamwambia kutoka chini. "Zimeshika sana."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikafungua skurubu, mafuta yakaniruka usoni na kwenye suti ya kuazima, magurudumu yakaachilia, wanaume wakasukuma jipu nyuma, na kwa kuwa sasa halikuwa na breki hata moja, likaendelea kurudi peke yake mpaka likaingia mtaroni.

Dereva akagusa yale mafuta, akayanusa. "Hii ni oili ya injini. Nani aliweka?"

Nikafungua mdomo kusema ni mtu wa duka alinidanganya. Maneno yalikuwa tayari. Lakini Mzee Gathogo alikuwa amesogea, anangoja, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yanataka kujua tu.

"Ni mimi," nikasema. "Yale mazuri yaliisha, na sikutaka kungoja."

Mzee akamwomba dereva nafasi, yeye na mkewe wakapanda treni, wakaenda kwa wazazi wangu bila mimi. Nilifika kwa miguu jioni, kibali kinakaribia kuisha, nikakuta wameshakula na wameshaongea. Mzee akanipa mkono, akasema binti nitapewa, lakini kwanza nikarudishe gari ya watu ikiwa sawa, na hatakuja kuikagua, nitamwambia mwenyewe ikiwa tayari. Ilinichukua miezi miwili, kwa sababu mzungu alinitoa karakana akanipeleka kuanika kahawa, na jipu nilitengeneza Jumapili tu.

Tangu siku hiyo sijaweka kwenye gari ya mtu kitu ambacho si chake, hata mtu akiwa na haraka namna gani. Na Mama Wanjiku, mpaka alipozeeka, kila nilipombeba tukifika kwenye reli alikuwa ananigusa bega nisimame mbali, anashuka, anavuka kwa miguu, kisha anatungojea upande wa pili na kikapu chake. Sikuwahi kumwambia abaki ndani.