Nilivyoufukuza Mkutano Wangu

Hili sijamsimulia mtu. Wilaya mpya ya Ngorongoro ilipoanzishwa, mimi karani mgeni hapa Karatu nilitumwa kueleza mpaka katika kijiji nilikopanga chumba. Mwaka mzima sikuwa nimepigiwa hodi, na siku ile watu wote wale walinitazama mimi. Nikavimba kichwa. Nikakunjua ramani, nikatangaza kwamba wanaokaa ng'ambo ya korongo si wa wilaya yetu, waondoke.

Wakaondoka wote. Akabaki Mama Paskalina, mwenye nyumba wangu.

"Afadhali wewe umebaki, mama."

"Nasubiri kiti changu, mwanangu. Na mimi ni wa ng'ambo."

Nikainuka. Akakibeba, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Na chumba chako, karani, kiko upande gani?"